Hizo kilomita 12 zako

Rafiki yangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nimefurahi kweli kusikia na wewe umeanza kutembea maporini. Ila pale uliposema "ni kilomita 12 tu, kabla ya saa sita tumemaliza" nikaona bora nikae nikuandikie kabisa, maana hapo hapo ndo mimi nilikosea.

Milimani kilomita peke yake haikwambii kitu. Kuna Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892 alitoa hesabu naitumia mpaka leo: kila kilomita 5 weka saa moja, alafu kila mita 600 za kupanda ongeza saa nyingine. Sasa hizo 12 zako kama zina mita 900 za kupanda ni karibu saa nne, hapo hamjapumzika, hamjapiga picha, na ni mwendo wa mtu aliyezoea.

Njia inayoanza kwa kushuka ndo inadanganya zaidi. Kule Grand Canyon, lile korongo kubwa la Marekani, njia ya Bright Angel inaanzia juu ukingoni inashuka zaidi ya mita 1,300 hadi Mto Colorado, asubuhi miguu myepesi, kuna kibaridi, unajiona uko fiti, kumbe kila hatua ni deni utalilipa mchana ukipanda, na kiangazi chini kule joto linapita nyuzi 40. Walinzi wa hifadhi wanawasihi watu wasiende mtoni na kurudi siku hiyo hiyo, na bado kuna wanaojaribu.

Sisi siku ile niliyokosea tulikuwa tunapanda mlima, tukapanga kugeuka kurudi saa nane. Saa nane ikafika, kilele tunakiona kile pale, tukasema dakika ishirini tu jamani, tukafika saa tisa na nusu, tukashuka gizani watu wanne tochi moja, mwenzetu akateguka mguu na ikabidi tumbebe kwa zamu. Bado namkumbuka alivyokuwa anakaza meno asilie. Kwa hiyo saa ya kugeuka mkishaipanga iheshimuni hata kama kilele kimebaki hatua mia.

Alafu msiishie ndani ya hifadhi tu. Mimi napenda zaidi mapori ya jirani, kama msitu wa Kaibab unaopakana na hiyo Grand Canyon, wengi wanaupita mbio na magari wakawahi kusimama ukingoni, wakati wewe ungetembea humo asubuhi nzima unasikia upepo kwenye misonobari basi. Ila huko vibao ni vichache, pakua ramani kabla netiweki haijakata, na uliza sheria za pande zote mbili maana za moto, mbwa na kulala nje zinaweza kubadilika ukivuka tu mpaka.

Nitumie jina la njia, mko wangapi, na saa mtakayogeuka. Siku hiyo simu sitaizima, na giza likiingia hujanipigia, mimi nawapigia walinzi.

Wako daima.