Risala ya Wazazi na Waraibu Waliopata Nafuu kwa Mgeni Rasmi, Mikindani, Juni 26

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, mashehe, wachungaji, walimu, wazazi wenzetu na vijana wetu, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Ntwara kuchele!

Tunakushukuru kwa kuitika wito. Siku ya leo ya kupiga vita dawa za kulevya ina mialiko mingi, na kukuona umekaa nasi hapa chini ya mwembe badala ya ukumbini mjini kumetupa moyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu ni cha akina mama, akina baba wachache (sisi wanaume tunaona haya zaidi, tuseme ukweli), na vijana waliokuwa wanatumia unga ambao sasa wamepata nafuu. Vikao vyetu vingi vinaishia kwenye swali moja, na leo tumeona tulilete mbele yako bila kuzunguka: hizi fedha ambazo serikali inazitumia kupambana na dawa za kulevya, zina faida?

Wanakikundi tumebishana sana. Tulichokubaliana ni kwamba ipo fedha inayofanya kazi, na ipo inayomwagwa kama maji mchangani.

Tuanze na baharini. Januari 2012, hapo kwa ndugu zetu wa Lindi, zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini. Sisi watu wa pwani hatukushangaa sana. Unga huo kwa kawaida hutoka Afghanistan, ukateremshwa hadi pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ukapakiwa kwenye majahazi na kukata bahari mpaka huku kwetu na kwa wenzetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Pwani ya kusini ni ndefu, ina visiwa, mikoko na bandari bubu. Baadaye sheria ya mwaka 2015 ikaunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na kazi yake tumeiona. Desemba 2023 Mamlaka hiyo ilikamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Kete moja haifiki hata gramu, mheshimiwa, piga hesabu mwenyewe ni vijana wangapi wangeguswa na mzigo ule. Kwa hiyo fedha ya boti, ya mafuta ya doria na ya wapelelezi wanaofuata nyayo za wenye mzigo, hatuilalamikii. Ikiongezwa tutashukuru.

Kinachotuuma ni fedha ya nchi kavu.

Yupo kijana wetu mmoja, hatumtaji jina, yuko hapa na ametupa ruhusa. Alikamatwa kijiweni akiwa na kete mbili. Zile kete zikapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa. Yeye akawekwa mahabusu. Kesi ikaahirishwa, shahidi hakufika, ikaahirishwa tena, na mama yake anapanda bodaboda kumpelekea chakula. Mle ndani arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa unga, ikamkamata: miayo isiyokwisha, makamasi na machozi, tumbo linakata, miguu haitulii, usingizi hakuna. Wenzake wakadhani ana malaria. Dawa hakupewa. Alipoachiwa, wiki haikuisha akarudi palepale kijiweni. Sasa jumlisha mafuta ya gari, vipimo vya maabara, chakula cha mahabusu na muda wa hakimu. Fedha yote hiyo imetumika, na kijana ametoka akiwa anawajua mapusha aliokutana nao ndani. Aliyemuuzia hakuguswa.

Kilichomtoa ni methadoni. Mjomba wake alimchukua Dar es Salaam, ambako huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011. Ni dawa ya maji. Mgonjwa anainywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na arosto inakaa mbali mpaka kesho yake. Hahangaiki asubuhi kutafuta cha kuiba ili apate kete, kwa hiyo anaweza kwenda kazini kama watu wengine. Dozi yake ilipunguzwa taratibu mpaka akaiacha. Leo ni fundi wa mashua, na waliokaa pale mbele wanamjua.

Ila dawa ya kila siku inataka kituo cha karibu. Si kila familia ina mjomba Dar. Mama wa Nanyamba au Tandahimba ambaye ameshaibiwa mabati na magunia mawili ya korosho na mwanawe mwenyewe, nauli ya kila siku ataitoa wapi? Na asipotibiwa, gharama haiishi. Wanaojidunga wanaazimana sindano, ndiyo maana VVU imewashika kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko watu wengine, na dawa za VVU ni za maisha yote, serikali hiyohiyo inazilipia.

Mzee wetu mmoja alituuliza kikaoni: kwa hiyo mnataka unga uruhusiwe? Hapana, baba. Ureno tangu mwaka 2001 anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hafunguliwi kesi ya jinai, anapelekwa mbele ya jopo linalomshauri na kumwelekeza kwenye tiba. Anayeuza bado anafungwa. Na huku kwetu, nipa, ile pombe kali ya mabibo, imepigwa marufuku tangu babu zetu, lakini msimu wa korosho ukifika sote tunajua inapikwa wapi. Tusiendelee na hilo, wengine tuko na jamaa zetu hapa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni haya. Mtumiaji anayekamatwa na kete, afikishwe kwanza kwa mganga, na gari na mafuta yabaki kwa ajili ya muuzaji. Huduma ya methadoni isogezwe hadi vituo vya afya ambavyo kijana anaweza kuvifikia kwa miguu. Sheria inaruhusu kutaifisha mali zilizotokana na biashara hii, basi tunaomba utufikishie ngazi za juu kwamba sehemu ya fedha hiyo iende kwenye tiba.

La mwisho halihitaji bajeti kubwa. Wavuvi wetu na vikundi vya BMU, vile vya usimamizi wa fukwe, wanaona mengi usiku, jahazi geni, boti isiyo na taa. Hawapigi simu, kwa sababu wanaamini jina la aliyepiga litamfikia mwenye mzigo kabla ya alfajiri. Tunaomba utafutwe utaratibu ambao mvuvi anatoa taarifa na jina lake halijulikani na mtu yeyote hapa Mikindani, hata sisi.

Kwa upande wetu, tumeshapata chumba cha kukutania na vijana wanaotaka kuacha. Kimeezekwa, mlango bado, na tunahitaji mhudumu wa afya wa kuja japo siku moja kwa wiki. Tungefurahi ukienda kukiona kabla hujaondoka, ni hapo nyuma ya soko.

Tunaomba kuwasilisha.