Kwa vijana wetu mnaoingia msimu wa korosho

Wanangu na wajukuu zangu wa makanisa ya Masasi, Ndanda, Newala na Nachingwea, Bwana asifiwe.

Nawaandikia sasa kwa sababu msimu umekaribia. Mabibo yameanza kudondoka, maghala yanafagiwa, na wengi wenu mtakuwa kazini: makarani wa mizani kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wapakiaji wa magunia, madereva, na wengine mashambani mkiokota pamoja na wazazi wenu. Nimewasikia kwenye mikesha. Mnaomba kwa bidii, mnaomba kwa machozi, nami namshukuru Mungu kwa ajili yenu. Ninalotaka kusema nanyi linahusu miezi inayokuja, fedha zitakapoanza kutembea.

"Bwana, ni nani atakayekaa katika hema yako?" Ndivyo inavyoanza Zaburi ya 15. Anayeuliza anatamani kuwa karibu na Mungu, kama mnavyotamani ninyi. Someni jibu lake polepole. Anatajwa mtu asemaye kweli kwa moyo wake, asiyemtenda mwenziwe mabaya, aliyeapa kwa hasara yake na bado habadili maneno yake, asiyetoa fedha yake apate kula riba. Ameuliza habari za hema ya Mungu, amejibiwa habari za jirani na fedha. Zaburi hiyo ina mistari mitano tu, na ningependa kila mmoja wenu awe nayo kichwani kabla ya mnada wa kwanza.

Maana sisi huku tuna kangomba, yaani kununua korosho za mwenye shida kwa bei ya kutupa, nje ya mnada. Mnajua inavyokwenda. Mvua ni kubwa, mihogo haijakomaa, mtoto ana homa, unga umekwisha. Anakuja mtu na fedha kidogo, wanapatana kwa bakuli, na korosho ambazo hata maua yake hayajatoka zinakuwa zimeshauzwa. Mwezi wa kumi mama yule anaokota mali ya mtu mwingine kwenye shamba lake mwenyewe. Stakabadhi ghalani, yaani utaratibu wa mkulima kupeleka mzigo ghalani na kupewa hati yake, ililetwa kwenye korosho mwaka 2007 ili auze kwa mnada, bei ikiwa wazi mbele ya wote. Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ulifanyika uhakiki wa mashamba ili wajulikane waliopeleka mzigo wasioulima. Hatua za namna hiyo zina kazi yake, na mimi naziunga mkono. Ila sheria humkuta mtu akiwa ameshatenda. Haimfikii usiku ule anapohesabu fedha zake na kuamua aende kwa mjane gani kesho.

Hapa Masasi jambo hili linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Kanisa letu lilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika na watu waliokuwa wamekombolewa utumwani. Padri Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa utotoni, akawekewa mikono ya upadri mwaka 1890, akachunga kundi la Chitangali. Waliotutangulia katika imani walikuwa watu waliowahi kuwekewa bei na binadamu wenzao. Mtoto wa kanisa hilo anawezaje kuitazama njaa ya jirani na kuona faida?

Sasa msidhani nawaambia mjikaze. Kijana anayejikaza kwa nguvu zake hutoboa wiki mbili tatu, halafu siku moja rafiki anamnong'oneza kwamba kumpunguzia mkulima kilo moja kwenye kila gunia hakuonekani, na anajikuta ameshakubali. Angalieni habari za Zakayo. Alikuwa mtoza ushuru, mtu wa hila, na mji mzima ulimjua. Bwana hakumtumia orodha ya mambo ya kurekebisha. Alimwambia, "Shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Wakaingia ndani. Ndipo Zakayo mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, akaanza kuzungumza habari za nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne. Yesu akikaa nyumbani mwako, kile kilichofichwa chini ya kitanda kinaanza kukusumbua wewe mwenyewe. Hapo ndipo tabia ya Kikristo inapoanzia, na sijaona mahali pengine.

Kwa hiyo nawauliza juu ya kule kukaa naye. Mkesha ni mzuri, lakini mtu anaweza kupaza sauti mpaka alfajiri asimweleze Mungu neno hata moja juu ya mizani anayoisimamia. Tafuteni saa ya peke yenu, alfajiri kabla ya kwenda shambani au usiku watu wakilala, mkamwambie Mungu mambo yenu kwa majina yake. Mtaje unayemdai na unayedaiwa naye. Mwambie kwamba unaitamani pikipiki ile na kwamba mshahara hautoshi. Mwambie kama unaogopa bosi wako. Kisha nyamaza, usiondoke haraka. Kukaa kimya mbele za Mungu ni kugumu kuliko kufunga, hasa kwa vijana mliozoea simu mkononi, na hapo ndipo wengi huishia njiani. Endeleeni hata siku mnazoona hakuna kinachotokea.

Na mwanze sasa. Salfa, dawa ya mikorosho, hupulizwa mapema, kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujakamata maua; anayengoja mpaka mti uungue hana atakachookoa. Karani anayeanza kumtafuta Mungu siku bahasha imewekwa mezani amechelewa, ingawa rehema ipo hata kwake.

Jirani zetu Waislamu tunazikana nao na kuozeshana nao, lakini hawaji kanisani kusikiliza mahubiri yetu. Wanatukuta ghalani. Wazee wa Yerusalemu walipowaona Petro na Yohana, watu wasio na elimu, waliwatambua ya kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Natamani mkulima wa Tandahimba akishusha gunia lake mbele yako akutambue hivyohivyo, kwa jinsi unavyosoma kilo zake kwa sauti na kumwandikia daraja lake halali bila kumzungusha.

Kuna wachache kati yenu ambao maneno haya yamewagusa kwa namna nyingine, kwa kuwa mna korosho za watu mlizonunua wakati wa njaa. Sitawataja wala sitawachongea. Nendeni kwa wenyewe kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa. Mwambie mama yule apeleke mzigo wake ghalani kwa jina lake, na akishalipwa akurudishie kile ulichompa, bila nyongeza. Ukiona aibu kwenda peke yako, pitia kwangu jioni yoyote, tutakwenda wote wawili.

Ni mimi mzee wenu,
Masasi