Kalenga nayo isimuliwe

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu juu ya vita vya Wahehe dhidi ya Wajerumani. Lugalo, Agosti 17, 1891, mmeieleza vizuri: jeshi la Zelewski, kamanda wa Wajerumani, likivamiwa vichakani, mikuki ikiwafikia askari kabla hawajajipanga kufyatua bunduki. Lakini Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyoanguka mikononi mwa Wajerumani Oktoba 30, 1894, mmeipa sentensi moja tu!

Kipigo hicho kina mengi ya kufundisha. Lugalo, Mkwawa alichagua uwanja uliomnyima adui nafasi ya kutumia silaha zake. Huko Kalenga alimngoja nyuma ya ukuta wa mawe, na mizinga ina kazi gani kama si kubomoa kuta? Hata hivyo hakusalimu amri. Alirudi porini akapigana karibu miaka minne, hadi alipojiua Julai 1898. Bila kuielewa Kalenga, mwanafunzi hawezi kuielewa miaka hiyo.

Naomba walimu wa historia wayafundishe mapigano yote mawili kwa pamoja, ramani ikiwa ubaoni. Nanyi mtuandalie makala kamili ya Kalenga.

Msomaji wenu,
Iringa