Mfiwa asilazimishwe kushukuru

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi Wakristo tunalitenda kwa nia njema, lakini ambalo kwa maoni yangu linawaumiza wengi waliofiwa. Tunawahimiza washukuru kabla hawajalia vya kutosha, na wakichelewa kuinuka tunaanza kuitilia shaka imani yao.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Morogoro, na nimeongoza ibada za misiba kwa miaka mingi. Mara nyingi nimesimama chini ya turubai, Biblia mkononi, nikasema kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, kisha nikawaambia wafiwa wajikaze. Mwaka juzi mke wangu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, tukiwa tumeishi katika ndoa miaka 31. Maneno yale yale nikaambiwa mimi, na baadhi ya waliyoyasema niliyatambua kuwa walijifunza kwangu.

Siku zile za mwanzo sina lawama nazo. Nyumba ilijaa watu, akina mama walipika, vijana walilala nje kwenye majamvi, daftari la rambirambi likazunguka, na hata ningetaka kukaa peke yangu nisingepata pa kukaa. Shida ilianza baada ya kuanua matanga. Wiki ya pili nikaitwa mbele ya usharika kutoa sadaka ya shukrani ya familia, kama ilivyo desturi yetu, nikasema kwamba ninamshukuru Mungu kwa yote, ilhali tangu mazishi sikuwa nimeweza kuifikisha mwisho hata sala ya Baba Yetu. Mwezi wa nne baada ya msiba, niliposhindwa kuongoza zamu yangu ya jumuiya, yaani kikundi chetu cha sala cha mtaani, mwenzetu mmoja aliniambia kwamba huzuni ikizidi siku zake huwa ni roho ya mauti, na kwamba mtu wa nafasi yangu hapaswi kuwavunja moyo walio wachanga kiroho. Nikaacha kwenda jumuiya. Sikuacha kuamini, nilichoka kuigiza.

Katika miezi hiyo nilikirudia kitabu cha Ayubu, mtu aliyepoteza mali na watoto wake, safari hii si kwa ajili ya kuhubiri. Mstari tunaoupenda misibani, ule wa Bwana alitoa na Bwana ametwaa, uko katika sura ya kwanza, na kitabu kina sura 42. Sisi humwacha Ayubu pale anapolibariki jina la Bwana, tukafunga Biblia, wakati katika sura ya tatu mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, na katika sura nyingi zinazofuata anamuuliza Mungu maswali ambayo mtu akiyauliza leo kwenye jumuiya yetu atawekewa mikono na kuombewa afunguliwe. Rafiki zake walipofika walitenda jema moja: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila hata mmoja kumwambia neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mwingi mno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Walimtetea Mungu kwa hoja zile zile tunazozitumia sisi, kwamba jichunguze, tubu, Mungu hakosei, na mwishoni kabisa Mungu anawakasirikia wao na kusema kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Aliyelalamika ndiye aliyeonekana amesema kweli, na ndiye aliyepewa kazi ya kuwaombea waliokuwa wakimhubiria.

Najua wapo watakaonijibu kwa maneno ya Paulo. Wanaosema kwamba mtume aliwakataza Wathesalonike kuhuzunika wanaukata mstari katikati, kwa sababu alisema wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, na tofauti hapo iko katika namna ya kuhuzunika. Kwa Wafilipi aliandika tuwe na furaha katika Bwana siku zote, na waraka huo huo unaeleza jinsi Epafrodito, mwenzake wa kazi, alivyougua karibu kufa, na kwamba Mungu alimhurumia Paulo pia, asiwe na huzuni juu ya huzuni. Kwa hiyo aliyetuamuru kufurahi alijua kabisa kwamba ndugu yake angekufa angelia, na hakuona haya kuliandika hilo. Kuhusu Bwana Yesu mwenyewe sina haja ya kusema mengi: alilia kabla ya kufika kaburini kwa rafiki yake Lazaro akiwa anajua kwamba baada ya dakika chache atamwita atoke.

Aliyenisaidia mimi ni mwinjilisti mmoja mstaafu, mzee kuliko mimi, ambaye alikuwa akija jioni, anaketi barazani, ananisaidia kuchambua maharage, na huenda saa nzima ikapita bila mazungumzo. Siku moja alinisomea Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari wowote wa shukrani mwishoni. Nilimsubiri aifafanue. Alifunga kitabu, akaaga, akaenda zake. Usiku ule nilisali kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na sala yenyewe ilikuwa malalamiko matupu.

Ni yeye pia aliyeniuliza kama ninalala na kama ninakula, na aliposikia jibu akanisindikiza kituo cha afya. Tabibu alinieleza kwamba huzuni ya msiba si ugonjwa, lakini inaweza kuzaa sonona, na kwamba mtu akipoteza usingizi, hamu ya chakula na hamu ya mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili mfululizo au zaidi ni vema aonwe na mtaalamu. Nilipewa dawa na siku za kurudi kwa mazungumzo. Wapo walionung'unika kwamba mzee wa kanisa anameza vidonge vya mawazo. Nabii Eliya alipoketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe, malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha na kumlisha mara ya pili, ndipo safari ya kwenda mlima Horebu ikaendelea.

Ninachokiomba kwa wachungaji, makatekista na viongozi wa jumuiya ni kidogo. Ibada ya shukrani ya wafiwa ingoje mpaka wao wenyewe waiombe, hata kama ni baada ya mwaka. Zaburi za maombolezo, ambazo ni karibu theluthi ya zaburi zote 150, zisomwe kanisani kwa sauti, ili mwenye uchungu asikie kwamba maneno yake yamo katika Maandiko. Na zamu za kuwatembelea zipangwe kwa mwezi wa pili na wa tatu, turubai likiwa limesharudishwa na ndugu wa mikoani wamesharudi kwao.

Mtaani kwetu kuna wazazi waliomzika mtoto wao wiki iliyopita. Jumapili niliombwa niongoze ibada ya kuanua matanga, nikamwomba mwingine aongoze. Mimi nimejiandikisha kwa mwezi ujao, siku za Alhamisi jioni, na sitabeba hotuba.

Mzee wa Kanisa,
Morogoro.
(Jina limehifadhiwa)