Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaosafiri pwani ya Australia

Wanangu na wajukuu zangu,

Ama baada ya salamu na dua, nawaandikia kwa sababu tulipokula pamoja mlipomaliza mitihani, nilisikia kwamba watano wenu mmepanga safari na marafiki mliowapata hosteli na chuoni majuzi tu. Mtatoka Melbourne na kufuata pwani kuelekea magharibi kwanza, kisha mtarudi na kupanda kaskazini kupitia Sydney hadi Byron Bay, na wengine wenu mnataka kufika Cairns. Najua vikundi vya namna hii viko vingi kila mwezi wa Desemba, vyenye vijana wa Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi, ndiyo maana nimeamua barua hii iwe ya wazi.

Siandiki kuwazuia. Nilipokuwa na umri wenu nilisafiri vivyo hivyo, na baadhi ya niliowajua kwa wiki mbili tu walipata kuwa ndugu zangu wa maisha. Wala siandiki kuwatisha kwa habari za papa na nyoka, ambazo kila mtu huwasimulia wageni wa nchi hii. Ninachokihofia ni malezi yetu mema yenyewe. Tumewalea kuwa na haya, kutomwaibisha mwenzenu mbele ya watu na kutoharibu furaha ya mwenyeji. Malezi hayo ni hazina nyumbani, lakini ndani ya gari la marafiki wapya yanaweza kumfanya mtu anyamaze pale ambapo angepaswa kusema, “Simamisha gari,” au, “Mimi siingii majini.”

Nasema hivyo kwa yaliyonipata. Mimi nilizaliwa Tanga, nikajua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na mwaka wangu wa kwanza hapa nilijisifu mno kwa jambo hilo mbele ya vijana wanne niliofanya nao kazi. Jumapili moja jioni tulifika kwenye ufuo usio na bendera wala mlinzi. Niliona mawimbi yakivunjika kulia na kushoto, na katikati pana kama mlango wa maji meusi, matulivu, yasiyo na povu. Jambo lile lilinishangaza, nikataka kuuliza kwa nini pale hapavunjiki wimbi. Sikuuliza, kwa kuwa ningeonekana muoga baada ya majigambo yangu yote. Niliingia pale pale palipo patulivu, na kabla sijachoka kufurahi nilikuwa nimekwisha kupelekwa mbali kiasi cha kutozisikia sauti za wenzangu. Aliyenirudisha ni mtu nisiyemjua, aliyekuwa na ubao wa kuteleza mawimbini, akaniambia nishike na nisiseme neno.

Baadaye ndipo nilipoelewa tofauti ya bahari mbili. Sehemu kubwa ya pwani yetu ya Afrika Mashariki imekingwa na mwamba, mawimbi ya bahari kuu yanavunjikia huko nje, na sisi tunaogelea ndani ya maji yaliyokwisha kupunguzwa nguvu. Huku kusini mwa Australia hakuna kinga hiyo. Wimbi hutoka bahari kuu likaja kuvunjikia miguuni pako. Maji yote yanayosukumwa ufukoni lazima yarudi, nayo hutafuta mahali penye kina, kama maji ya mvua yanavyotafuta mfereji. Hapo penye kina ndipo wimbi halivunjiki, na ndiyo sababu mkondo wa hatari huonekana kuwa mahali pazuri kuliko pote pa kuingilia. Mikondo hii huua watu wengi kila mwaka kuliko papa. Haimvuti mtu chini, humpeleka nje tu, na anayekufa mara nyingi hufa kwa kuchoka akipambana kurudi moja kwa moja alikotoka. Ukishikwa, elea, inua mkono na uite. Ukiwa na nguvu, ogelea ukiufuata ufuo kwa ubavu, kuelekea palipo na povu. Zaidi ya yote, ogeleeni kati ya bendera za nyekundu na njano, ambazo waokoaji huzisimika mahali walipopachagua kwa macho yaliyozoea. Zikishushwa jioni, jueni kwamba waokoaji wamekwenda nyumbani.

Asije mmoja wenu akaniambia kwamba yeye ni mzoefu. Harold Holt, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hii, alikuwa mpenzi mkubwa wa bahari na aliufahamu vizuri ufuo wa Cheviot, karibu na Portsea. Tarehe 17 Desemba 1967 aliingia majini hapo mbele ya macho ya marafiki zake, bahari ikiwa imechafuka. Mmoja aliyemfuata alihisi mvuto wa maji akabaki pasipo na kina. Mwili wa Holt haukupatikana mpaka leo. Huwa namfikiria sana yule rafiki aliyebaki, kwa sababu hakuna aliyemwita muoga.

Wale watakaofika kaskazini mwa Queensland watakuta bahari tulivu zaidi, kwa kuwa huko Mwamba Mkuu, yaani Great Barrier Reef, huyavunja mawimbi kama kwetu. Utulivu huo usiwadanganye. Kuanzia Novemba hadi Mei hivi kuna konyeza ambao sumu yao huweza kuua, ndiyo maana mtaona siki imewekwa fukweni na sehemu za kuogelea zimezungushiwa nyavu. Na kwenye midomo ya mito kuna mamba wa maji ya chumvi. Bango likikataza, limekataza.

Sasa nije kwenye gari, ambalo kwa maoni yangu linahitaji ujasiri wa kusema kuliko hata bahari. Kutoka Sydney hadi Brisbane ni kilomita 900 na ushei, yaani karibu mara mbili ya safari ya Nairobi hadi Mombasa, na hapo hamjafika hata nusu ya njia ya Cairns. Vijana hupenda kuumaliza umbali huo usiku ili wasilipie malazi. Nawaomba msifanye hivyo. Alfajiri na magharibi kangaruu hutoka porini kulisha kandokando ya barabara, na dereva anayekata usukani ghafla ili kumkwepa huishia mtini; afunge breki akiwa amelinyoosha gari. Pumzikeni kila baada ya saa mbili. Siku za sikukuu mtakuta vituo ambako watu wa kujitolea hugawa chai na kahawa bure kwa madereva, nanyi msione haya kusimama, maana wazee wenzangu wamejitolea kukesha hapo kwa ajili yenu.

Kuna jambo ambalo ninyi mlitoka nalo nyumbani na litawafaa wenzenu. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha kushoto, kama huku. Rafiki wa Ujerumani au Brazili, na hata ndugu yetu wa Kongo, Rwanda au Burundi, amezoea kulia, na kosa lake huja pale anapotoka kituo cha mafuta au mahali pa kupigia picha, akili ikiwa kwingine. Mmoja wenu aketi naye mbele siku za mwanzo na amkumbushe bila kuchoka. Na dereva akinywa pombe, funguo zichukuliwe, awe nani. Sheria inaweka kikomo cha asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na kwa mwenye leseni ya mwanagenzi ni sifuri kabisa, lakini mimi nawataka msimamo mkali kuliko sheria: aliyekunywa hashiki usukani siku hiyo.

Barabara ile ya magharibi, Great Ocean Road, mwiendee kwa adabu. Ilichimbwa kati ya 1919 na 1932 na wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sururu na koleo, kuwakumbuka wenzao waliokufa. Ni vita vile vile vilivyowamaliza wapagazi wetu na kutuachia jina la Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi chao. Mkipita chini ya tao lake la mbao, simameni kidogo kwa ajili ya wote hao. Mkifika kwenye majabali yaliyosimama baharini, msivuke uzio kutafuta picha. Jiwe lile ni chokaa, na bahari inalila kila siku: mwaka 1990 daraja la asili lililoitwa London Bridge lilikatika na kuwaacha watu wawili upande wa baharini mpaka helikopta ikawachukua, na Julai 2005 moja ya nguzo maarufu za Twelve Apostles iliporomoka.

Kuhusu fedha, semeni kabla ya kuondoka. Sisi tumezoea mchango na mmoja kumbeba mwenzake. Wenzenu wengine hugawana kila risiti hadi senti ya mwisho, na huo si ubahili, ni desturi yao ya kutunza urafiki. Majina ya madereva wote yawe kwenye mkataba wa kukodi. Mkinunua gari kuukuu, fahamuni kwamba bima ya lazima inahusu majeraha ya watu tu, na bati la mwenzenu mtakalolibonyeza mtalilipa wenyewe.

Na kila mmoja wenu, hasa mabinti zangu, awe na nauli ya kurudi ambayo hamkopeshi mtu wala hanunui nayo chochote. Mwenye nauli yake mfukoni anaweza kusema “hapana” kwa sauti ya kawaida. Ukiona mwenendo wa kikundi umegeuka, shuka mji wowote wenye basi au treni, na nipigie simu saa yoyote. Sitakuuliza maswali kabla hujala na kulala.

Namba ya dharura ni 000. Iandikeni kwenye karatasi pamoja na majina ya wazazi wenu na ibandikeni ndani ya gari, kwa kuwa simu huzimika. Kila jioni mmoja wenu anitumie jina la mji mtakaolala, hata kama ni neno moja tu. Nitakuwa macho mpaka saa nne usiku.

Ni mimi babu yenu wa Tanga,
Melbourne