Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu wa kubadilishana mabaki

Ndugu wanachama, poleni na kazi. Najua wengi mtaisoma hii kwenye simu huku mashine zinaunguruma, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye lile mlilotutuma mkutano mkuu uliopita, yaani tuangalie kama viwanda vyetu hapa Tanga vinaweza kula mabaki ya vyenyewe kwa vyenyewe badala ya kila mtu kulipia lori la taka kivyake.

Tulianza na fomu. Maswali mepesi tu, unatupa nini, kiasi gani, na msimu gani kinazidi. Fomu nyingi zikarudi zimeandikwa "hatuna taka". Jamani! Kiwanda kisicho na taka ni kile ambacho hakijawashwa. Kiukweli watu waliogopa, huyu anaona akitaja anachomwaga mshindani atapiga hesabu ajue anazalisha kiasi gani, yule anaona anajichongea kwa wakaguzi. Fomu tukaziweka pembeni, tukaanza kukutanisha watu wawili wawili, kahawa na kashata, hapo ndo midomo ikafunguka.

Lililokaa vizuri ni la katani. Mwenzetu wa mkonge ana nyuzi fupi zinazodondoka kwenye mashine ya brashi, alikuwa anazirundika nyuma ya godauni, na mwenzetu wa jipsamu alikuwa ananunua nyuzi ndefu za bei halafu anazikata! Kwa wasiojua, fundi akishamwaga uji wa jipsamu kwenye molda ya konisi (ule urembo wa pembeni mwa dari) anatandaza katani juu yake, anamwaga tena, zile nyuzi ndo zinaishika isivunjike wakati wa kupandisha. Sasa anachukua zile fupi. Walizozana kidogo kuhusu vumbi maana nyuzi zikiwa chafu jipsamu inatoka na madoa, wakakubaliana zikung'utwe kwanza, na mwenye jipsamu ndo analipa kibarua wa kukung'uta. Chama hakikuandika hata mstari mmoja kwenye mkataba wao, na mimi naona ni sawa kabisa.

La maji ya jibini bado linatusumbua. Lita 10 za maziwa zinatoa kama kilo moja ya jibini, karibu lita 9 zinabaki maji, ukiyamwaga mtaroni yananuka na majirani wanakuja juu, haki yao. Ni lishe nzuri kwa mifugo lakini hayangoji. Mfugaji wa Pongwe alikubali kuyachukua, ila gari likichelewa na joto letu hili yanafika yameshachachuka, halafu ikaja hoja ya nani ajaze mafuta, na hapo ndo tulipokwama. Tunatafuta mfugaji wa karibu zaidi, mwenye kumjua aseme.

Kuna wanachama wanasukuma tuajiri mshauri atuchoree mpango wa mkoa mzima. Mimi sikubaliani, na nitasema kwa nini. Mji unaotajwa kila mahali kwenye mambo haya ni Kalundborg, Denmark, na pale hakuna aliyechora mchoro kwanza. Mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta kilihitaji maji, yakavutwa kutoka ziwa Tissø ili kuokoa maji ya ardhini, 1972 gesi iliyokuwa inachomwa bure ikauzwa kwa kiwanda cha mbao za jipsamu, baadaye mtambo wa umeme ukaingia, ukatoa mvuke kwa majirani na majivu kwa saruji. Kila bomba lilikuwa biashara ya watu wawili na kila mmoja aliona faida yake, na jina la kitaalamu, "industrial symbiosis", yaani viwanda kutegemeana, walikuja kulipata 1989 mambo yakiwa yameshakolea. Na sisi si wageni, pale Hale makapi ya mkonge yalishawahi kuzalisha baiogesi ya kufua umeme, na ukikumbuka kwamba nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani, utajua ni mali kiasi gani inapita kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, inaenda kuoza.

Kinachohitaji mpango wa pamoja ni barabara, maji na mahali pa kuhifadhia, hayo mtu mmoja hayawezi na tumeshayapeleka halmashauri kwa barua, tunasubiri majibu.

Angalizo: oili chafu, betri na makopo ya kemikali msibadilishane kienyeji. Taka hatarishi zina vibali vyake chini ya sheria ya mazingira ya 2004, na chama hakitamtetea atakayekamatwa.

Ada, wengi mmelipa, asanteni, wachache mnajijua na mhazini anawajua pia. Nafasi ya katibu iko wazi, anayetaka alete jina kabla ya mkutano mkuu. Na fomu tumezifupisha zimebaki na swali moja tu, unatupa nini, jina la kiwanda si lazima, mlinzi wa ofisini anazo.