Pamba na mkojo wake

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu zako nimezipata. Umeniuliza, huku ukicheka, kama paka naye huugua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Nami nilicheka hivyo hivyo, nusura nimzike paka wangu Pamba.

Ilianza Jumamosi. Kila mara anaingia kwenye trei yake ya mchanga, anachuchumaa, anajikamua, anatoka. Nikasema huyu tumbo limefunga. Jioni akawa anajilamba nyuma bila kupumzika, anatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake. Nikauchambua mchanga wote kwa kijiko: mkavu, hata tone.

Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo tu akajua. Kibofu kimejaa, kigumu kama mpira. Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba mno. Ute kidogo na fuwele kama chenga za mchanga vinatosha kuiziba. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo hulemewa, madini ya potasiamu hupanda katika damu mpaka moyo ukayumba. Siku moja au mbili, paka anaweza kufa. Wakamlaza usingizi, wakampitishia mpira wa mkojo, wakamtundikia dripu. Siku tatu sikulala.

Sasa hiyo UTI yako. Kumbe kwa paka ambao hawajazeeka, bakteria si sababu ya kawaida. Mara nyingi kibofu huvimba tu bila chanzo kuonekana, na wasiwasi huchochea: kuhama nyumba, paka mgeni, hata trei chafu. Kwa hiyo vile vidonge vyako vya UTI vilivyobaki usimpe paka wako. Parasetamo ndiyo kabisa, hata kipande kinaweza kumuua.

Pamba alikutwa na fuwele za aina ya struviti, ambazo chakula maalumu huziyeyusha (mawe ya aina nyingine, oksaleti, hayayeyuki, mara nyingi hutolewa kwa kisu). Chakula hicho anakila huku ananitazama kama nimemvunjia heshima. Nimemwekea trei ya pili, na mabakuli ya maji kila pembe, maana maji ndiyo dawa kubwa.

Uliniambia dume wako siku hizi anakojoa kwenye beseni. Usimchape, si ujeuri huo. Mwangalie: mkojo unatoka, una damu? Mpeleke akapimwe. Na ukimwona anajikamua na hakitoki kitu, usisubiri kuche.

Nasikia mchanga unaparuzwa huko nyuma. Ngoja nikahesabu mabonge ya mkojo.

Wako,
Rehema